Koti la Marehemu Pitia na Kigiriki cha Mchungaji

Pale Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, njia ya Lobule inapoiacha lami, pana benchi ambalo zamani lilikuwa kiti cha nyuma cha lori la jeshi. Lori lilikwenda na vita vyake; kiti kikabaki, na siku hizi kinabeba wanaume watatu ambao hawajapata kuchelewa kazini, maana hawana kazi ya kuichelewea. Wa kwanza ni Dramadri, anayeitwa Sajini ingawa aliyekuwa jeshini ni baba yake. Yeye alirithi filimbi tu. Wa pili ni Angelo, jina la kijiweni Hansard, kwa sababu kila jioni husikiliza bunge redioni na asubuhi hulirudia bila kuombwa. Wa tatu ni Yasiri, aliyekulia ukimbizini Kongo, akarudi na Kiswahili cha huko na jina la mji wa huko: Bunia. Anayewanywesha ni Concy, Mama Jude, ambaye huikaanga kahawa mwenyewe, huitwanga na tangawizi, na huimimina kwenye vikombe visivyo na mikono. Watatu hao huitia chumvi bila kutumia chumvi.

Ijumaa hiyo Concy aliwasha jiko bila salamu. Wote watatu walijua sababu, na wote watatu walikuwa wamewahi kufika kwa sababu hiyo hiyo.

Mwezi uliopita alizikwa kaka yake, mzee Pitia wa Lobule. Katika ukoo wao marehemu hazikwi kwa machozi peke yake. Mtoto wa dada yake ana kazi ya kufanya: huvaa nguo ya mjomba, humwigiza mbele ya waombolezaji, huyasema yale makosa ambayo watoto wa kuzaa hawathubutu kuyataja, na siku ya kumaliza matanga huivaa tena nguo hiyo, hutoka nayo mlangoni na kwenda nayo kwake moja kwa moja. Mpwa akishatoka nayo hivyo, matanga yamekwisha. Mjane huoga na kushika jembe. Pitia alikuwa na mpwa mmoja tu, Jude wa Concy, fundi wa pikipiki. Siku ya mazishi Jude akavaa koti la jeshi la mjomba wake, lile refu ambalo mzee hakulivua hata kiangazi, akauburuta mguu kama alivyouburuta mwenyewe, akawakagua wachimba kaburi mmoja mmoja na kuwauliza kama shimo lile ni la mtu au la kuchomea mkaa. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Asiyecheka alikuwa mmoja: Mchungaji Ondoga, mtu wa upande wa Arua, ambaye mwaka huu alikwenda kozi ya miezi mitatu akarudi na Kigiriki. Alifunga kitabu, akaondoka kaburi likiwa wazi.

Jumapili iliyopita alitoa hukumu mimbarini. Jumapili hii Jude aje kanisani na koti lile lile, azunguke mbele ya waumini kwa mguu ule ule, kila mtu auone ubaya wake, ndipo apige magoti aombe msamaha. Asipokuja, mchungaji hatakanyaga kwenye sala ya kumaliza matanga Jumamosi inayofuata.

Concy alikuwa ameshaamua, maana aliona bila mchungaji matanga yataahirishwa. Wifi yake Santina, mjane wa Pitia, amekaa ndani tangu msiba, na huko nje mihogo yake imemezwa na nyasi. Jamaa wa kule Ombaci wameshaalikwa kwa Jumamosi hiyo. Aibu haijaua mtu. Jana jioni alimwambia Jude aende. Jude aliendelea kufuta grisi vidoleni muda mrefu, kisha akasema, "Ukisema wewe, Mama, nitakwenda."

— Mheshimiwa Spika, Hansard akaanza, akiwa hamwangalii mtu, neno lililo mbele ya nyumba hii ni empaizo.

— Spika ni nani hapa? Sajini akauliza. Hiyo birika?

— Birika ina akili kukushinda. Mimi nilikaa benchi la mbele kanisani, nilisikia kila kitu. Mchungaji alisema Wagiriki walikuwa na dhihaka za aina nyingi. Kuna ya pua: mtu anakukunjia pua kama unanuka. Kuna ya mdomo: wale wa Athene, walipoambiwa wafu wanafufuka, wakabinua midomo. Halafu kuna hii empaizo, ya kuigiza. Hii ndiyo askari walimfanyia Yesu. Wakamvika vazi, wakampigia magoti, eti salamu mfalme. Dhihaka ya nguo.

— Basi ile ya pua iko ya Mama Jude, alisema Bunia. Angalieni vile anatuangalia.

Concy alisukuma vikombe mbele yao kama mtu anayelisha bata.

— Na mutu mwenye kudhihaki anaitwa nani? Bunia akauliza.

— Huyo ni empaiktes, Hansard alisema, akilitamka taratibu ili wamwonee wivu. Na dhihaka yenyewe ni empaigmos. Neno linazaa, ndugu zangu. Na ndani yake amekaa mtoto. Mchungaji mwenyewe alisema: mzizi wake ni kucheza, kucheza kama mtoto.

— Ndiyo nasema! Sajini alipiga goti lake. Jude ni mtoto wa dada. Mtoto akicheza, kosa liko wapi?

— Mtoto gani? Hansard akasema. Jude ana ndevu!

— Kwa mjomba wake hana ndevu. Hata akizeeka, akitia meno ya kununua, kwa mjomba wake atabaki mtoto wa dada.

Concy aliinua macho. Hilo lilikuwa neno la kwanza la maana kutoka kinywani mwa Sajini tangu benchi lile liwekwe pale. Akangoja kuona atakavyoliharibu. Hakungoja sana.

— Tena hilo neno ni la jeshi, Sajini aliendelea. Nani walimdhihaki Yesu? Askari. Na askari hachezi bila amri. Iko kamanda alisimama pale akapiga kelele: kwa kudhihaki, dhihaki! Wakafanya kwa hatua, kushoto kulia, kushoto kulia. Baba aliniambia zamani gwaride lilikuwa na kipindi hicho.

— Kipindi cha kudhihaki?

— Kabla ya chakula.

— Baba yako alikuwa mpishi, Concy alisema.

— Mpishi wa jeshi, Mama Jude. Mpishi wa jeshi anaona kila kitu.

— Aliona masufuria.

— Sawa, aliona masufuria, na nyuma ya masufuria aliona gwaride. Mimi nasema hivi: empaizo ni kosa la askari. Raia hawezi kulifanya, hana namba ya jeshi. Jude ni raia. Kesi imekufa.

— Hoja haina mashiko, Hansard akamkata. Raia ni Jude. Koti je? Koti ni la jeshi. Hata kama Jude hakula kiapo, koti lilikula.

— Basi lishitakiwe koti!

— Ndiyo maana mchungaji amelitaka kanisani. Ameita mshitakiwa wa kwanza na wa pili.

Bunia alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo, kikombe kikiwa kimetulia kwenye kiganja. Aliwaacha wachoke, kisha akakohoa.

— Ninyi batu wote hapa, nani ameona Mgiriki kwa macho yake?

Hakuna aliyemwona.

— Mimi nilimwona. Kule Kongo Wagiriki walikuwa na maduka. Nilikuwa kijana, nabeba magunia kwa duka moja. Mwenye duka mutu munene, anakaa na shanga mukononi kama shehe, anazihesabu, lakini haombi kitu. Siku moja gunia ya chumvi ikapasuka. Nikamuuliza: bosi, hii iliyomwagika, naweza kupelekea mama? Akanyanyua nyusi. Hivi.

Akawaonyesha. Kichwa nyuma kidogo, nyusi juu.

— Si amekubali huyo? Sajini akasema. Nyusi zikipanda ni ndiyo. Hata mtoto wa huku kwetu Dranya anajua.

— Ndiyo mimi nilijua hivyo! Nikashukuru, nikabeba. Kufika mulangoni, naitiwa polisi. Kumbe kwao nyusi zikipanda ni hapana! Nililala ndani, wallahi, kwa chumvi niliyopewa na nyusi mbili. Asubuhi mukubwa wa polisi ananiuliza, wewe, Mgiriki alikuambia nini? Nikamwonyesha hivi. Mukubwa akasema, si amekubali? Akaniachilia.

Hata Concy ilibidi ainame apulize mkaa ambao haukuhitaji kupulizwa.

— Sasa hiyo inamhusu Jude kwa wapi? Hansard aliuliza. Hakupenda mwingine achekeshe.

— Inamhusu sana. Kama nyusi zao zinasema upande ule, mudomo yao itasema upande gani? Labda hiyo empaizo maana yake ni heshima. Mchungaji amebeba neno kama mimi nilivyobeba chumvi. Sasa yuko njiani, anachekelea, hajafika mulangoni.

— Huo ni uzushi.

— Uzushi ni kozi ya miezi mitatu. Mimi nilikaa nao miaka.

Hansard akasimama. Kila aliposimama ilimaanisha kwamba hana hoja na anaitafuta angani.

— Waheshimiwa, turudi kwenye chanzo. Mto Nile unapita wapi?

— Kule chini, Rhino Camp.

— Unaelekea wapi?

— Sudani. Misri.

— Na baada ya Misri?

— Bahari.

— Na ng'ambo ya bahari hiyo wanakaa nani? Wagiriki! Sasa nisikilizeni. Mto unatoka kwetu kwenda kwao. Hautoki kwao kuja kwetu. Babu zetu walisimama mtoni, huyu ng'ambo hii, huyu ng'ambo ile, wakitoleana maneno kutwa nzima. Maneno yakianguka majini yanakwenda wapi? Yanaelea! Wagiriki walikuwa pwani kwao wanavua, wakanasa dhihaka. Hawakujua ni kitu gani. Wakaianika, wakaiandika. Leo mchungaji anakwenda kozi kujifunza kitu kilichotoka nyumbani kwa bibi yake, na anakirudisha kimelowa!

— Eeeh! Bunia alisema, na alikuwa anamaanisha.

— Nile yote hiyo, alisema Concy, na haikupata nafasi ya kukubeba wewe.

Walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka birika chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, na wakaona kwamba leo atazungumza.

— Mmemaliza? Nami nina neno. Siku ya mazishi mlikuwapo wote. Mlicheka, niliwaona. Wewe Sajini ulicheka mpaka ukaangusha kofia kaburini ikabidi itolewe kwa fimbo. Mchungaji alipofunga kitabu akaondoka, nani alimfuata? Nani alimshika mkono akamwambia, mchungaji, hii ni kazi ya mpwa, mwache amalize?

— Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya jeneza, Sajini akasema.

— Kaburini hapakuwa na akidi, Hansard akasema.

— Mimi ni Muislamu, Mama Jude, Bunia akasema. Ningeanzaje kumufundisha mutu kanisa lake?

— Kucheka ulicheka kikanisa au kimsikiti?

Bunia aliangalia kikombe chake.

— Na Jumapili, hukumu iliposomwa, nyinyi wawili mnaosali mlisema nini?

— Tulisema amina, Hansard alisema kwa sauti ndogo. Lakini ilikuwa amina ya kawaida.

Concy alifyonza meno, mfyonzo mrefu ambao ungeweza kupelekwa Ugiriki wakaupatie jina lake. Akashika tena birika.

— Basi Jude anakwenda, Sajini akauliza, au haendi?

— Anakwenda. Aibu ya Jumapili moja, ikishapita imepita. Shamba la Santina halingoji mtu ajue Kigiriki.

Alidhani watasikitika. Ndivyo walivyojaribu, kwa muda wa kumeza funda moja. Kisha Hansard akasema kwamba ni lazima awahi benchi la mbele, kwa sababu siku hiyo kanisa litajaa. Sajini akasema atakuja na filimbi, kama mchungaji ataruhusu, apige hatua, maana Jude mguu ule aliuburuta vizuri sana ila alikosa mwendo wa gwaride. Bunia akasema yeye ndani haingii, lakini lile dirisha la upande wa magharibi halina kioo, atasimama pale. Wakaanza kubishana dirisha lile linamwonyesha mtu akiwa wapi, karibu na mimbari au karibu na kwaya, na kama Jude atarudia lile neno la mkaa au atazunguka kimya.

Concy aliwasikiliza akiwa ameshika birika bila kumimina. Aliwajua watu hawa. Hawakuwa na ubaya. Walimpenda Jude; pikipiki ya Sajini, siku ilipokuwa na injini, Jude ndiye aliyeitengeneza. Na bado walikuwa wameshagawana viti.

Bodaboda ikasimama mbele yao. Aliyeshuka alikuwa Santina, na kanga nyeusi kichwani, mfuko wa plastiki kifuani ameukumbatia kwa mikono miwili. Mjane hatoki ovyo kabla matanga hayajaisha, kwa hiyo wanaume wote watatu walisimama, na Sajini akaificha filimbi.

— Wifi, Concy alisema, mbona umetoka? Kaa.

— Nimeitwa, wifi. Mchungaji amesema nilete koti mwenyewe, limefuliwa. Amesema Jumapili lionekane vizuri, na mimi niwepo. Nimelifua, nimelipiga pasi. Nilifikiri nikuachie wewe, umpe Jude.

Alikaa ukingoni mwa benchi, mfuko magotini. Concy alimpa kikombe. Hansard naye alifanya anachojua kufanya. Akamweleza mama mjane kwa heshima kubwa kwamba jambo hili lina asili yake, kwamba kuna dhihaka ya pua na ya mdomo, na kwamba hii ya kwao inaitwa empaizo. Sajini akaongeza habari ya amri. Bunia alianza habari ya chumvi, akaiacha njiani.

Santina aliwasikiliza wote hadi mwisho. Ni mwanamke wa kusikiliza. Aliishi na Pitia miaka mingi, na Pitia alikuwa msemaji.

— Sawa, akasema. Mimi sikusoma, baba zangu. Nauliza tu. Siku ile pale kaburini, Jude aliposema shimo ni la mkaa, mimi nilicheka. Tangu mzee alazwe hospitali sikuwa nimecheka. Sasa Jumapili Jude atapita mbele yangu na koti hilo hilo, mguu huo huo. Nicheke, au nisicheke?

Hansard alifungua mdomo.

— Kwa mujibu wa...

— Usicheke, mama, Sajini akajaribu. Ni kanisani.

— Nisipocheka, Santina alisema, nitakuwa nimekaa pale namwangalia mume wangu anatembea.

Bunia alinyanyua nyusi, akakumbuka, akazishusha.

— Mchungaji mwenyewe ulimuuliza? Concy akasema.

— Nilimuuliza.

— Akasemaje?

— Akasema ataangalia kwenye kitabu.

Concy alichukua ndoo, akaumwagia mkaa maji. Moshi ukapanda, majivu yakaruka hadi kwenye viatu vya Hansard.

— Kahawa imeisha, akasema.

— Lakini Mama Jude, birika iko imejaa!

— Nimesema imeisha. Leteni vikombe.

Wakaleta vikombe. Concy alivipanga ndani ya beseni, akalifunika kwa kitambaa, akaviringisha mkeka wake. Alifanya hivyo vyote bila haraka, kama anavyofunga kila siku, ila ilikuwa bado asubuhi.

— Wifi, akasema, hilo koti linarudi Lobule. Litundike kwenye msumari wake. Jude hatakwenda kuzungushwa mbele ya watu Jumapili. Jumamosi ile atakuja kwako, atalivaa ndani ya nyumba yako, atatoka nalo mlangoni kama inavyotakiwa, na wewe ukitaka kucheka utacheka, ukitaka kulia utalia. Jumatatu tunaanza kupalilia.

— Na sala?

— Baba Yetu unaijua?

— Naijua.

— Na mimi naijua. Mchungaji akitaka kuwa wa tatu, njia haijafungwa.

Hansard alinyoosha kidole, akitaka kujua kama utaratibu huo unakubalika kanisani. Concy alimtazama, na kidole kikashuka chenyewe.

Santina aliinuka na mfuko wake. Uso wake haukubadilika sana. Alivuta tu pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokuwa amesahau kwamba anaubeba. Concy akachukua birika yake iliyojaa, akapanda bodaboda nyuma ya wifi yake, akaishika vizuri isimwagike.

— Lobule, mama? dereva aliuliza.

— Lobule. Lakini pitia gereji kwanza. Kuna kijana pale nilimwambia jambo jana, nataka nilirudishe.